Swichi Ilizimwa, Ndege Haikutii

Anayeishi Magongo au Port Reitz, huku Changamwe, amezoea kuona ndege zikishuka kuelekea Uwanja wa Moi. Wengi tunaamini kwamba kompyuta ikikosea, rubani yupo, ataishika ndege mwenyewe. Imani hiyo tuipime kwa yaliyotokea Machi 10, 2019.

Asubuhi hiyo ndege ya Ethiopian Airlines, aina ya Boeing 737 MAX, iliruka kutoka Addis Ababa kuja Nairobi. Dakika 6 baadaye ilianguka karibu na Bishoftu. Watu wote 157 walifariki, Wakenya wakiwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Rubani mkuu, Yared Getachew, mwenye umri wa miaka 29, baba Mwethiopia na mama Mkenya, alikuwa na zaidi ya saa 8,000 angani.

Injini za MAX ni kubwa kuliko za 737 za awali, tena zimesogezwa mbele, kwa hiyo kuna nyakati pua ya ndege huelekea kuinuka kupita kiasi. Boeing ikaweka programu iitwayo MCAS, inayogeuza bawa la mkiani ili pua ishuke. Ndege ina vihisi viwili vya kupima mwinuko huo, ila programu ilisikiliza kimoja tu. Siku ile cha kushoto kilionyesha nyuzi zaidi ya 74, cha kulia takriban 15. MCAS ikaufuata uongo.

Linaloniuma ni kwamba marubani walijua la kufanya. Ndege ya Lion Air ilipoanguka Indonesia Oktoba 2018 na kuua watu 189, marubani walielekezwa: zimeni swichi mbili za umeme wa bawa la mkiani, kisha lizungusheni kwa gurudumu la mkono. Wale wa Ethiopian walizizima. Gurudumu likagoma. Injini zilikuwa bado kwenye nguvu za kurukia, mwendo umepita kiwango, na hewa imelikandamiza bawa kama upepo wa kusi unavyoukandamiza mlango unaotaka kuufungua. Wakaurudisha umeme uwasaidie. MCAS nayo ikarudi.

Wanaosema utaratibu ulikuwepo wanahesabu swichi, hawahesabu sekunde wala nguvu za mkono.

Baada ya MAX kuzuiwa kuruka, Marekani iliiruhusu iruke tena Novemba 2020. Sasa programu hulinganisha vihisi vyote viwili, husukuma mara moja tu kwa kila tukio, na rubani akivuta usukani anaishinda. Hayo yote yangeweza kufanywa kabla ndege ya kwanza haijauzwa.