Jiwe la Kijani la Haneti
Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Someni pole pole, na mwenye kujua amsaidie mwenzake.

Ukitoka mjini Dodoma kwenda upande wa kaskazini, utafika Haneti, katika nchi ya Wagogo. Katika vilima vya huko hupatikana jiwe la kijani kama embe bichi. Jina lake ni krisopresi. Hukatwa, husuguliwa, likawa shanga au kito cha pete.

Je, rangi hiyo yatoka wapi? Wengi husema, “Ni shaba,” kwa sababu shaba ikipata kutu huwa kijani. Kweli, yako mawe ya namna hiyo. Malakaiti ya Kongo ni mawe ya shaba. Volbothaiti, jiwe adimu sana, ni shaba iliyoungana na madini yaitwayo vanadi. Lakini rangi ya krisopresi si ya shaba. Ni ya nikeli.

Mambo huwa hivi. Miamba ya Haneti ina nikeli ndani yake. Kwa miaka mingi sana mvua huilainisha miamba hiyo. Maji huingia katika nyufa, yamebeba nikeli kidogo na ule udongo mgumu unaofanya mchanga na vioo. Humo nyufani vitu hivyo huganda pamoja, vikawa jiwe.

Utalipimaje? Chukua kisu cha chuma, ukwaruze pembeni, mahali pasipoonekana. Malakaiti na volbothaiti ni laini, kisu huzikwaruza. Krisopresi haikwaruziki, nayo yaweza kukwaruza chupa. Lakini yako mawe mengine ya kijani yaliyo magumu pia. Basi, kabla hujauza, mwonyeshe mjuzi wa madini. Asiyejua jiwe lake hupangiwa bei na mnunuzi.

Tena angalia: usilianike juani, wala usiliweke karibu na moto. Jua na joto huweza kulipausha, na jiwe lililopauka hupungua thamani. Lifunge katika kitambaa chenye unyevu, uliweke kivulini.

Maswali
1. Ni kitu gani kinachotia krisopresi rangi ya kijani?
2. Kisu chatuonyesha nini?
3. Kwa nini jiwe hili lisianikwe juani?