Sura ya Tano: Mgeni Anapomkataa Mwenyeji

Kuanzia Bukoba mjini hadi Kamachumu, kila ninapozungumzia uchangiaji damu naambiwa lile lile: "Mtoeni damu mama wa mtoto, damu yao ni moja." Si moja. Mtoto hurithi nusu ya alama za chembe zake kwa mama na nusu kwa baba, na hiyo nusu ya baba ni ngeni kwa mama.

Watu wengi wanajua kwamba mwili hukataa kiungo cha mtu mwingine. Wachache wanajua kwamba kilichopandikizwa nacho huweza kumkataa aliyekipokea. Mwaka 1957 Rupert Billingham na Leslie Brent waliwadunga panya wachanga chembe za bandama za panya wakubwa wa ukoo mwingine. Vitoto vikadumaa, vikaharisha, vikakonda, vingi vikafa. Mwaka huo huo Morten Simonsen aliwadunga vifaranga wakiwa bado ndani ya yai chembe za kuku wakubwa, na bandama zao zikavimba. Hapakuwa na kijidudu wala sumu. Limfosaiti, chembe nyeupe za kinga, zilijikuta ugenini na kuanza kumshambulia mwenyeji.

Baadaye Billingham alitaja masharti matatu: chembe zinazoingia ziwe na uwezo wa kushambulia, mwenyeji awe na alama ambazo mtoaji hana, na mwenyeji ashindwe kuziondoa.

Hapa yafaa niende Muleba kwanza. Mfugaji mmoja alikuwa na mtamba wa pembe ndefu aliyezaliwa pacha na dume. Miaka ilipita bila mimba, naye akauza mbuzi wawili kumlipa mganga aondoe kijicho. Mbuzi wamekwenda bure. Pacha wa ng'ombe wakiwa tumboni, mishipa ya makondo yao huungana. Homoni za upande wa dume huvuruga kizazi cha dada yake, na zaidi ya mitamba 9 kati ya 10 wa namna hiyo hubaki tasa. Mishipa hiyo hiyo hupitisha chembe za damu huku na huku. Mwaka 1945, huko Wisconsin, Ray Owen alionyesha kwamba pacha hao hubaki na damu za aina mbili hata ukubwani. Mbona hawadumai kama panya wa Billingham? Kwa sababu chembe zao zilikutana kabla kinga haijakomaa, zikazoeana. Panya wale walidungwa chembe zilizokomaa tayari.

Sasa turudi wodini. Kwa kawaida mgonjwa huziua limfosaiti zinazoingia na damu ya kuongezewa. Hatari huja pale ndugu wanapofanana kiasi kwamba mwili wa mpokeaji hauoni mgeni, ilhali chembe za mtoaji zinaona alama ngeni. Homa, vipele na kuharisha hufuata, uloto hukauka, na wengi hawaponi. Ni tukio la nadra, lakini ndilo sababu damu ya ndugu wa karibu inapaswa kupigwa mionzi kwanza, ili limfosaiti zisizaliane. Katika kupandikiza uloto, kama wanavyofanyiwa watoto wenye selimundu Dodoma, madaktari hutafuta ndugu anayelingana kabisa, na kwa kila ndugu wa baba na mama mmoja nafasi ni 1 kati ya 4.

Kwa hiyo usisubiri mwanao alazwe ndipo ukunje mkono wa shati. Nenda ukachangie leo damu iwekwe benki, imfae hata usiyemjua.