Msichana wa Koti Jekundu Hajarudi Hadi Leo

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Lakini je, msomaji, jambo likiwapo na mpiga mbiu asiwepo, itakuwaje? Swali hili limenikaa moyoni tangu niliposoma habari za Paula Jean Welden, msichana wa Kimarekani aliyetoweka mwaka wa 1946, na ambaye hadi leo hakuna ajuaye yaliyompata.

Paula alikuwa na umri wa miaka 18, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika Chuo cha Bennington, ambacho siku hizo kilikuwa cha wasichana watupu. Bennington ni mji mdogo wa jimbo la Vermont, uliozungukwa na milima na misitu. Jumapili ya tarehe 1 Desemba, alipokwisha kufanya zamu yake katika chumba cha kulia chakula chuoni, alivaa koti jekundu, suruali ya jinzi na viatu vya raba, akamwambia mwenzake wa chumbani kwamba anakwenda matembezi. Hakuchukua mzigo wala nguo za kubadili.

Barabarani alipata lifti, akateremshwa karibu na Long Trail, njia ya miguu inayopita milimani kwa zaidi ya maili 270 mpaka mpaka wa Kanada. Watu kadhaa walimwona jioni ile akiishika njia hiyo. Halafu giza likaingia, baridi ikazidi, theluji ikaanguka. Paula hakurudi.

Habari zilipoenea, wanafunzi, walimu na wenyeji walijitosa msituni. Masomo yalisimamishwa, ndege zikaruka juu ya milima, na zawadi ya dola 5,000 ikatangazwa. Walakini hakuonekana yeye, wala koti lake, wala hata kiatu.

Sasa hapa ndipo penye jambo lenyewe. Wakati huo jimbo la Vermont halikuwa na kikosi chake cha polisi. Kila wilaya ilikuwa na sherifu wake na wasaidizi wachache, na kazi ya kutafuta mtu katika msitu mkubwa namna ile iliwazidi nguvu. Ilibidi msaada uombwe kwa polisi wa majimbo mengine, Connecticut na New York. Wenye nia njema walikuwa wengi. Wa kuwaongoza hakuwapo. Baba yake Paula alilalamika waziwazi jinsi mambo yalivyoendeshwa, na malalamiko yake yalisikika. Mwaka wa 1947, hata mwaka haujatimia tangu binti yake apotee, baraza la kutunga sheria la Vermont liliunda polisi wa jimbo.

Waandishi nao hawakukaa kimya. Shirley Jackson, mtunzi mashuhuri aliyeishi North Bennington na ambaye mumewe alifundisha katika chuo kile kile, alitoa riwaya yake Hangsaman mwaka wa 1951, juu ya msichana wa chuo anayepotewa na nafsi yake. Mwaka wa 1957 alitoa hadithi fupi, The Missing Girl, ambamo msichana anatoweka kambini, na wenzake wakiulizwa, hakuna anayemkumbuka sawasawa. Nadhani Bibi huyo aligusa donda lenyewe.

Maanake baadaye ulikuja uvumi. Watu wengine kadhaa walikuwa wamepotea katika milima ile kati ya 1945 na 1950, na mwaka wa 1992 mwandishi Joseph Citro aliipa sehemu hiyo jina la Pembetatu ya Bennington. Tangu hapo husimuliwa mizimu, laana na viumbe wa ajabu. Hadithi hizo ni tamu, sikatai. Lakini kila zinaposimuliwa, msichana mwenyewe hupungua na mzimu hunenepa. Tena mzimu hana wa kumwuliza kwa nini msako haukuwa na kiongozi.

Kwetu sisi aliyekufa huzikwa, matanga yakaondolewa, na waliobaki wakashika majembe yao. Aliyepotea hana matanga. Mama yake akisikia mlango ukigongwa usiku, hawezi kujizuia kutumaini. Huo ndio msiba usioondolewa, na ndio ulioiangukia nyumba ya Welden.

Kama Paula angekuwa hai leo, angekuwa amevuka miaka 90. Mimi, kati ya yote yaliyotokana na kupotea kwake, naiheshimu zaidi ile sheria ya 1947. Haikumrudisha, lakini aliyepotea Vermont baada yake alikuwa na mtu aliyepewa kazi ya kumtafuta.