Injini Uwanjani, Watoto Karibu

Lori likishakwenda kilomita laki nne au tano, injini huchoka. Linakula oili. Linatoa moshi wa buluu. Mlima lililokuwa likiupanda kwa gia ya tatu, sasa linaupanda kwa gia ya kwanza. Mwenye lori akisikia bei ya gereji za mjini, huamua kuifungua injini mwenyewe, chini ya mwembe wa nyumbani. Simlaumu. Kubadili ringi na gasketi ni kazi ambayo mtu anaweza kujifunza. Lakini hapo ameleta gereji mahali watoto wanapocheza.

Hatari kubwa ni mafuta ya taa ya kuoshea vipuri. Mara nyingi hununuliwa kwa chupa ya soda. Kazi huchukua wiki nzima, pengine mwezi kama ringi hazijafika. Siku zote hizo chupa iko chini, karibu na spana. Mtoto wa miaka miwili akishikwa na kiu, yeye anaona soda.

Mtoto akiyanywa, usimtapishe. Usimtie kidole kooni. Usimpe maziwa wala maji ya chumvi. Wazazi wengi hufanya hivyo kwa upendo, nao humzidishia hatari. Mafuta ya taa yaliyo tumboni hayadhuru sana. Yanayoua ni yale yanayoingia mapafuni, na mtoto akitapika ndipo yanapopata njia ya kuingia. Mvue nguo zilizolowa. Mwoshe ngozi kwa maji na sabuni. Kisha mpeleke zahanati upesi, hata kama unamwona anacheza, kwa sababu kikohozi na kuhema haraka huweza kuanza baada ya saa kadhaa. Ichukue na ile chupa, mganga aione.

Na wewe fundi unayenyonya dizeli kwa mpira, mapafu yako ni kama ya mtoto huyo. Fungua nati ya chini ya tanki, au tumia pampu ya mkono.

Petroli usioshee vipuri kabisa. Mvuke wake haupandi juu. Hutambaa chini mpaka jikoni kwenye mafiga, na moto huufuata mpaka ulipo wewe.

Oili chafu ikikaa sana mwilini, mwaka hata mwaka, huweza kuleta kansa ya ngozi. Nawa kwa sabuni, badili nguo, ndipo umbebe mtoto. Wapo wanaoipaka kwenye vidonda! Isipakwe.

Injini ya lori kubwa huweza kupita kilo 400, yaani magunia manne ya mahindi. Usiining'inize kwenye tawi la mwembe. Wala usiingie chini ya lori lililoshikwa na jeki peke yake; weka magogo imara kwanza.

Siku ya kuiwasha, watu wote hufurahi na kusogea karibu. Iwashe nje. Moshi wake una hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Kichwa huuma, mtu husinzia, kisha haamki. Kama ulifanyia kazi bandani, lisukumeni lori mpaka uwanjani kabla ya kugusa swichi.