Fahamu: Kwa nini injini kubwa si jibu la kwanza katika roketi ya mfano

Mradi wa Nakuja wa wanafunzi wa chuo kikuu cha JKUAT, Kenya, umeonesha kuwa roketi ndogo zinaweza kuundwa Afrika Mashariki. Kwa anayetamani kurusha yake katika nyanda za Dodoma, kishawishi ni kununua vipande vilivyo tayari kuunganishwa, kisha kuvitia injini kubwa zaidi. Hapo ndipo kosa huanzia. Injini nzito hukaa mkiani na kuvuta kitovu cha uzito nyuma, ilhali kitovu hicho kinapaswa kuwa mbele ya kitovu cha msukumo wa hewa kwa angalau kipenyo kimoja cha bomba. La sivyo roketi hupinduka angani. Dawa ni kuongeza uzito puani au kupanua mapezi.

Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya pwani. Roketi hupaa zaidi, hivyo muda wa kufungua parachuti lazima upangwe upya. Wapo watakaosema uwanda ni mpana, hakuna wa kudhurika. Lakini wakati wa kiangazi cheche moja huteketeza nyasi, na angani hupita ndege. Marekani huhitaji mrushaji aliyethibitishwa jumla ya msukumo wa injini inapozidi newtoni-sekunde 160. Kwetu, Mamlaka ya Usafiri wa Anga iulizwe kwanza. Roketi bora ni ile inayorudi salama.