Kipindi cha 9: Kuogopa Daktari wa Meno

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Tononoka. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo watu wazima wengi huona haya kulitaja, nalo ni kuogopa daktari wa meno.

Mpenzi msikilizaji, jiulize. Je, kuna upande mmoja wa kinywa ambao hutafunii? Je, ukinywa maji baridi huyapitisha upande mmoja tu? Je, ulisema utaenda hospitalini baada ya Ramadhani, kisha ukasema baada ya Idi, kisha baada ya shule kufunguliwa, na hadi leo hujaenda? Ikiwa ndivyo, kipindi hiki ni chako.

Wala usione haya, kwani hata mimi nilikuwa hivyo. Nilipokuwa darasa la sita niling'olewa gego kabla ganzi haijashika. Nililia, nikashikwa mikono, nikaambiwa msichana mkubwa halii. Nilikua, nikasomea uuguzi, nikadunga watoto wa watu sindano mamia kwa mamia. Lakini jino langu mwenyewe lilipotoboka, nilitafunia upande wa kushoto kwa miaka miwili. Lililonisaidia ni jambo dogo sana, nitalieleza baadaye.

HOFU YATOKA WAPI?

Wengi wetu twaogopa maumivu, kwa sababu tuliwahi kuumizwa au tulisimuliwa na aliyeumizwa. Wengine waogopa sindano. Wengine ni ile sauti ya mashine, au kulala chali kinywa wazi huku mtu akifanya kazi usipopaona. Na wako wanaoogopa kugombezwa: "Kwa nini umeacha meno yako yakaoza hivi?"

Kwa hili la mwisho nakuambia hauko peke yako. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2015 ulionyesha kwamba watu wazima kama 34 katika kila 100 hapa Kenya walikuwa na meno yaliyooza, na karibu wote fizi zao zilitoka damu. Daktari wa meno huona meno mabovu kila siku. Lako si la kwanza.

Tena hofu hii tumeirithi. Zamani jino liling'olewa kwa nguvu za mikono tu, mgonjwa akiwa macho na akisikia kila kitu. Ni mwaka 1846 ambapo daktari wa meno William Morton, katika mji wa Boston huko Marekani, alionyesha mbele ya madaktari wenzake kwamba mtu anaweza kupasuliwa akiwa amelazwa kwa hewa ya dawa ya etha. Na lignokaini, dawa ya ganzi inayotumika sana leo, ilitengenezwa nchini Uswidi mwaka 1943 na mwanakemia Nils Löfgren. Kwa hivyo bibi zetu waliposema jino ni mateso, walisema kweli ya wakati wao. Sisi twaogopa mateso ambayo dawa yake imeshapatikana.

KUCHELEWA NDIKO KUNAKOUMIZA

Sasa sikiliza hapa vizuri, maana ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu.

Jino lina gamba gumu la nje, ambalo halina hisia. Ndani yake kuna sehemu laini zaidi, na katikati kabisa kuna mshipa wa fahamu na damu. Ukila vitu vitamu, iwe ni mabuyu, halua, kaimati au chai ya sukari nyingi mara kwa mara, vijidudu vya kinywani hula sukari hiyo na kutoa asidi. Asidi hutoboa gamba polepole. Wakati huo husikii chochote. Daktari akikuona sasa, husafisha tundu na kuliziba, na mara nyingi huchukua chini ya saa moja. Ndiyo maana wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tundu likifika sehemu ya ndani, maji baridi na vitu vitamu huanza kuchoma. Likifika kwenye mshipa, jino hupwita usiku kucha. Kisha siku moja maumivu huisha ghafla, na mtu hushukuru Mungu akidhani amepona. La, hajapona. Mara nyingi mshipa umekufa, na vijidudu vinashuka hadi kwenye mzizi, ambako usaha hukusanyika na kuwa jipu.

Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Dawa ya ganzi haifanyi kazi vizuri penye usaha na uvimbe, kwa sababu mahali hapo pana asidi nyingi. Mtu aliyekaa na jino bovu mwaka mzima kwa hofu huenda siku ile shavu limevimba, ganzi hushika kwa taabu, naye huumia. Akirudi mtaani husimulia: "Daktari wa meno ni mnyama!" Wanaomsikia huogopa, wao pia huchelewa, nao huumia. Hivyo hofu huzaa kuchelewa, kuchelewa huzaa maumivu, na maumivu huzaa hofu mpya. Mduara huu huvunjwa kwa kwenda mapema tu.

Nilimhudumia bwana mmoja msukuma mkokoteni. Alinunua tembe za kuua vijidudu mara tatu bila kuonwa na daktari. Kila mara uvimbe ulipungua kisha ukarudi, maana tembe hutuliza lakini jino bovu bado limo. Mara ya nne uvimbe ulishuka shingoni, akashindwa kumeza mate. Alilazwa, akapasuliwa usaha utoke, na jino likang'olewa. Aliniambia, "Sista, nilikimbia sindano moja, sasa nimedungwa hata sizihesabu." Mdharau mwiba mguu huota tende.

GANZI HUFANYA NINI?

Ganzi huzuia habari ya maumivu isifike kwenye ubongo. Lakini haizuii kusikia kusukumwa na kuvutwa. Kwa hivyo jino likitolewa utasikia nguvu ya mkono na hata mlio, bila uchungu. Ukisikia uchungu mkali, sema. Daktari ataongeza dawa au atangoja zaidi. Taya la chini huchukua dakika nyingi zaidi kufa ganzi kuliko la juu, kwa hivyo usione ajabu ukiambiwa ungoje.

Dawa nyingi za ganzi huchanganywa na adrenalini kidogo ili damu isitoke sana na ganzi ikae. Hiyo yaweza kufanya moyo uende mbio kwa dakika chache baada ya sindano. Wengi hufikiri wanakufa, au kwamba hofu imewazidi. Kwa kawaida ni dawa tu, na hupita. Lakini kama una ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu au kisukari, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au kuna dawa inayokudhuru, mwambie daktari kabla hajaanza.

MAMBO YA KUFANYA UKIWA NA HOFU

Kwanza, sema. Hili ndilo jambo dogo nililowaahidi. Nilipoenda hatimaye, nilimwambia daktari kabla sijaketi: "Mimi naogopa, niling'olewa vibaya utotoni." Alisema, "Basi leo nitaangalia tu, sishiki koleo." Aliangalia, akanieleza, nikarudi nyumbani. Niliporudi baada ya wiki, nusu ya hofu ilikuwa imebaki nyumbani. Nawe waweza kuomba siku ya kwanza iwe ya kuangaliwa tu.

Pili, patana na daktari juu ya ishara. Ukiinua mkono wa kushoto, asimame. Mtu anayejua kwamba anaweza kusimamisha kazi huvumilia zaidi ya asiyejua.

Tatu, omba uelezwe kila hatua kabla haijafanywa. Ukiwa huogopi sauti bali kuona, fumba macho. Ukiogopa sauti, uliza kama waweza kuvaa visikilizio usikize kasida au muziki wako.

Nne, omba sindano iingizwe polepole, kwani dawa ikisukumwa kwa haraka ndipo huuma zaidi. Uliza pia kama ipo dawa ya kupaka kwenye ufizi kabla ya sindano.

Tano, pumua. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu moja hadi nne, itoe polepole ukihesabu moja hadi sita. Fanya hivyo mara kumi. Legeza mabega na chezesha vidole vya miguu. Mwili uliokazana husikia uchungu zaidi. Mwenye dua yake naye aisome.

Sita, nenda asubuhi, usikae na hofu kutwa nzima. Kula kidogo kabla ya kutoka, isipokuwa umeambiwa usile. Nenda na mtu mtulivu. Yule jirani mwenye hadithi za kutisha mwache nyumbani.

Saba, uliza bei mapema. Wakati mwingine tunachokiita hofu ya sindano ni hofu ya gharama. Kuziba jino mapema ni rahisi kuliko kutibu mzizi au kulazwa.

Kutoka hapa Tononoka, Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wengi bado twaiita Makadara, ni mwendo wa miguu, na ina kitengo cha meno. Ukienda kliniki ya kibinafsi, hakikisha daktari ana leseni ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya. Usimpe kinywa chako mtu wa kichochoroni kwa kuwa ni rahisi.

TUSIWARITHISHE WATOTO

Mama na baba, acheni kusema, "Ukilia nitakupeleka kwa daktari akudunge sindano." Mtoto akishajua kuwa daktari ni adhabu, siku akiumwa ataficha. Mpeleke mara ya kwanza akiwa haumwi, aone kiti na ahesabiwe meno. Usimwambie "hutasikia chochote", kwani akisikia kidogo hatakuamini tena. Mwambie, "Utasikia kama kufinywa, kisha patakufa ganzi." Baada ya ganzi mwangalie asijitafune mdomo, na asile mpaka iishe.

MASWALI YA WASIKILIZAJI

Mama mmoja wa Majengo auliza: Ni kweli ukitolewa jino la juu jicho hupofuka?
Jibu: Si kweli, mama. Mshipa wa jino si ule wa kuonea. Kinyume chake, jino bovu la juu likiachwa, uvimbe wake waweza kupanda hadi jichoni.

Kijana wa Mwembe Tayari auliza: Siwezi kuambukizwa UKIMWI kwenye kile kiti?
Jibu: Sindano inapaswa kuwa mpya, na glavu mpya kwa kila mgonjwa. Vyombo vya chuma huoshwa kisha hupikwa kwa mvuke mkali wenye kuua vijidudu. Una haki ya kuuliza, na daktari mwema hachukii kuulizwa.

Dada mjamzito auliza: Ningoje nijifungue?
Jibu: Usingoje kama kuna maumivu. Jino lenye usaha si zuri kwako wala kwa mtoto. Mwambie daktari una mimba ya miezi mingapi. Kwa kazi isiyo ya haraka, mwezi wa nne hadi wa sita ndio wa nafuu zaidi.

Mzee wa Mji wa Kale auliza: Na katika mfungo?
Jibu: Mzee wangu, hukumu ya saumu muulize shekhe unayemwamini. Mimi nasema kama muuguzi: nenda Shaabani, kabla ya mfungo, ili Ramadhani ikukute umepona. Lakini dalili za hatari zikitokea, usingoje mwezi uandame.

DALILI ZA HATARI

Nenda hospitalini siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, ukiona:
- uvimbe unashuka shingoni au uko chini ya ulimi;
- unashindwa kumeza, kupumua au kufungua kinywa;
- jicho linafumba kwa uvimbe;
- una homa kali pamoja na uvimbe wa shavu.

Na tafadhali usiweke aspirini, tumbaku wala mafuta ya taa kwenye jino. Aspirini huunguza ufizi. Karafuu hutuliza kwa muda, lakini haizibi tundu.

YA KUKUMBUKA

Piga mswaki asubuhi na usiku kwa dawa ya meno yenye floridi. Punguza vitu vitamu. Jino lililonyamaza halijapona. Mwambie daktari kwamba unaogopa. Na nenda kabla halijauma, kwa maana huyo anayekwenda mapema ndiye anayeumia kidogo.

Msikilizaji, ile hofu huenda isiishe yote. Yangu haijaisha hadi leo. Lakini sasa natafunia pande zote mbili. Kesho asubuhi, kabla ya shughuli zako, chagua siku moja wiki hii, mwambie mtu wa nyumbani akusindikize, na muende.

Hadi kipindi kijacho, afya njema na kwaherini.