Mwingiliano wa Kima cha Chini: Kutoka Kasa wa Rongui hadi Meli ya Gesi

Katika maandishi ya sayansi na uhandisi kuna wazo moja ambalo hujitokeza mara kwa mara, nalo huwasumbua wanafunzi wetu wa tafsiri kila mwaka. Wazo lenyewe ni hili: sehemu za mfumo ziguswe na kugusana kadiri inavyohitajika tu, wala si zaidi. Mwanasayansi anayechunguza kitu ajitahidi asikibadilishe kwa kukichunguza. Mhandisi anayeunda mtambo ahakikishe kwamba kuharibika kwa sehemu moja hakuvuti sehemu nyingine zote. Wanafunzi hulitafsiri kwa namna mbalimbali: "mwingiliano mdogo", "mwingiliano haba", "mwingiliano finyu". Sisi katika idara tumekuwa tukipendelea "mwingiliano wa kima cha chini", na makala haya yanaeleza kwa nini.

Hata hivyo, istilahi haichaguliwi kabla jambo lenyewe halijaeleweka. Kwa hiyo tutaanza na jambo, kisha tutarudi kwenye neno. Mifano yetu inatoka kona moja ya pwani ya Waswahili ambayo vitabu vyetu vya kufundishia huisahau: kaskazini mwa mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, kusini kidogo ya mto Ruvuma.

Rongui ni kisiwa kidogo kilicho jirani na Vamizi, upande wa bahari ya Palma. Wavuvi hufika hapo kwa msimu, na lugha inayosikika katika visiwa na vijiji vya pwani hiyo ni Kimwani, ndugu wa karibu wa Kiswahili, pamoja na Kiswahili chenyewe, hasa kadiri unavyokaribia mpaka wa Tanzania. Kwa wanabiolojia, Rongui na Vamizi vinajulikana kwa fukwe zake. Aina mbili za kasa hupanda huko kutaga: kasa wa kawaida, ambaye nyama yake ndiyo inayotafutwa sana, na ng'amba, yule ambaye gamba lake lilisafirishwa kwa karne nyingi kwenda kutengenezewa vitana na mapambo. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000, viota vya visiwa hivyo vilifuatiliwa katika mradi wa uhifadhi uliowashirikisha wenyeji wenyewe kama walinzi na wahesabu wa viota.

Kazi ya kumfuatilia kasa ni somo zuri la kugusa kwa kiasi. Jike anapotoka majini usiku huwa mwoga kupita kiasi. Mwanga wa tochi au mtu anayetembea ufukweni unatosha kumrudisha baharini bila kutaga. Lakini akishachimba shimo na kuanza kudondosha mayai, ambayo kwa kasa wa kawaida hufika 100 na zaidi katika kiota kimoja, hali hubadilika: huendelea na kazi yake kana kwamba hakuna mtu. Hapo ndipo mfuatiliaji anaposogea, akipima gamba na kufunga kipande kidogo cha chuma chenye namba kwenye pezi. Kabla ya hapo anatakiwa kulala mchangani na kungoja, na akilazimika kutumia taa, atumie nyekundu, kwa kuwa macho ya kasa huisumbukia kidogo kuliko nyeupe. Kwa maneno mengine, elimu yote ya kazi hii ni kujua wakati ambapo mguso wako haubadilishi kitu.

Mayai nayo yana masharti makali zaidi. Saa chache baada ya kutagwa, kiinitete hujishikiza upande wa juu wa gamba la yai. Ukiligeuza yai baada ya hapo, kiinitete hufa, ingawa kwa nje yai litaonekana zima kabisa. Kwa sababu hiyo, kiota kilichochimbwa mahali ambapo maji makuu yatakifikia ama kihamishwe mapema usiku uleule, yai moja moja bila kugeuzwa, ama kiachwe. Na hata kuhama kwenyewe si jambo dogo, maana jinsia ya kasa huamuliwa na joto la mchanga na wala si na mbegu ya dume. Kiasi cha nyuzijoto 29 hivi za Selsiasi huleta madume na majike kwa uwiano unaokaribiana; mchanga wa moto zaidi huleta majike, wa baridi zaidi huleta madume. Mlinzi mwenye nia njema anayehamishia viota vyote kwenye ufukwe usio na kivuli anaweza, bila kujua, kuwa anazalisha majike watupu. Madhara ya mkono wake hayataonekana mpaka miaka ishirini au thelathini ipite, kasa hao wapevuke na kukosa waume.

Tunasisitiza hili kwa sababu wasomaji wengi hudhani kwamba kutogusa ni uvivu au kutojali. Kiota kinachofunikwa na bahari kitakufa kisipoguswa. Kiota kinachohamishwa ovyo kitakufa kwa kuguswa. Kiasi kinachotakiwa kiko katikati, na hakipatikani kwa kubahatisha.

Kasa akirudi baharini swali la pili linazuka: anakwenda wapi? Binadamu hawezi kumfuata. Hapa uhandisi unaingia, na kwa maoni yetu hakuna kifaa kinachoeleza mada yetu vizuri zaidi kuliko kile kidude kinachobandikwa mgongoni mwa kasa kwa gundi ya epoksi. Hutumia mfumo uitwao Argos, ulioanzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano wa Ufaransa na Marekani. Kidude hicho hutuma ujumbe wa redio usiozidi sekunde moja, kisha hunyamaza. Katika vifaa vingi vya kasa, hakingoji jibu, wala hakijui kama kuna setilaiti inayosikiliza. Setilaiti inayopita juu hupokea mawimbi, na kwa kuwa inakwenda kasi, masafa ya mawimbi hayo husikika yakipanda inapokaribia na kushuka inapoondoka, kama vile honi ya basi inavyobadilika sauti linapokupita barabarani. Kutokana na badiliko hilo, vituo vya ardhini hukokotoa mahali alipo kasa. Kazi yote nzito hufanyika mbali naye.

Tena kuna kijanja kimoja kinachotufurahisha. Mawimbi ya redio hayapiti katika maji ya chumvi, hivyo kutuma chini ya bahari ni kupoteza betri bure. Basi kidude kina ncha mbili za chuma. Zikiwa majini, maji ya chumvi hupitisha umeme kati yake, na kidude hutulia. Kasa anapoibuka kuvuta pumzi, ncha hukauka, umeme hukatika, na ujumbe huondoka. Bahari yenyewe imekuwa swichi. Mwishowe gundi huachia na kidude huanguka, kasa akabaki kama alivyokuwa. Kwa njia hii watafiti wa Kelonia, kituo cha kasa huko Réunion, na wenzao wamewafuatilia kasa waliotaga katika visiwa vya magharibi ya Bahari ya Hindi, na baadhi yao walionekana wakirejea malishoni kwenye pwani za Msumbiji na Tanzania. Kasa mmoja hupita maji ya nchi kadhaa bila pasipoti, na jambo hilo limewalazimu watu wa nchi hizo kuzungumza.

Sasa tuende kwenye mitambo mikubwa. Kila aliyejenga nyumba anajua kwamba fundi umeme hafungi nyumba nzima kwenye waya mmoja. Hugawa saketi, ili jiko likileta hitilafu, taa za sebuleni zisizimike. Mhandisi wa programu za kompyuta naye hufanya hivyohivyo: kila sehemu ijue kuhusu nyingine yale tu inayoyahitaji. Faida yake ni moja, kwamba kosa hubaki pale lilipotokea.

Bahari ileile ya Palma inatupa mfano mkubwa kuliko wowote tunaoufahamu. Gesi asilia iligunduliwa kwenye kina kirefu cha bahari hiyo tangu mwaka 2010, na ili isafirishwe kwa meli sharti ipoozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, iwe kimiminika na ujazo wake upungue takribani mara 600. Kazi hiyo ilipangwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni mtambo wa nchi kavu kwenye rasi ya Afungi, kusini mwa mji wa Palma, ukiongozwa na kampuni ya Total, ambayo sasa huitwa TotalEnergies. Ya pili ni Coral Sul, mtambo unaoelea, wenye urefu wa mita 432 na upana wa mita 66, uliojengwa Korea Kusini na kufika Msumbiji Januari 2022. Umetia nanga mahali penye kina cha mita 2,000 hivi na kuvuta gesi kutoka visima 6 vilivyo chini yake. Unachimba, unasafisha, unapooza na kupakia palepale. Una uwezo wa tani milioni 3.4 kwa mwaka.

Mtambo wa Afungi ulihitaji barabara, uwanja wa ndege, bandari, vijiji vihamishwe na maelfu ya wafanyakazi wapite Palma. Uasi wa silaha uliokwisha kuanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 ulipoufikia mji wa Palma tarehe 24 Machi 2021, watu wengi waliuawa, maelfu wakakimbia, na mwezi uliofuata kampuni ikatangaza kusimamisha mradi kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Tangazo hilo liliondolewa Novemba 2025 tu. Katika muda huohuo Coral Sul ilipakia shehena yake ya kwanza, Novemba 2022, na ikaendelea. Mwezi Oktoba 2025 wabia wake waliidhinisha mtambo wa pili wa aina hiyo, Coral Norte. Tuwe waangalifu hapa: uamuzi wa kujenga Coral Sul ulipitishwa Juni 2017, miezi minne kabla ya uasi, kwa hiyo hatuwezi kusema ulibuniwa kuwa kinga ya vita. Lakini ndivyo ilivyotokea. Mfumo usiogusa nchi haukuguswa na yaliyoipata nchi.

Mhandisi ataishia hapo na kupiga makofi. Sisi hatuwezi. Mtambo unaoelea mbali baharini hauajiri mpishi wa Palma, haununui samaki wa mvuvi wa Rongui kwa kiasi cha kuhesabika, wala haujengi barabara. Gesi yake yote iliuzwa kwa kampuni ya BP kwa mkataba wa miaka 20. Serikali hupata mapato, ndiyo, lakini hayo hupitia Maputo, mji ulio mbali na Palma kuliko Dar es Salaam ilivyo. Kosa halivuki kutoka nchi kavu kwenda mtamboni, na heri nayo haivuki kwa urahisi kutoka mtamboni kuja nchi kavu. Saketi iliyotengwa hutengwa pande zote mbili.

Na hapa ndipo tunaporudi kwenye neno. "Mdogo", "haba" na "finyu" ni sifa za ukubwa tu. Zinamwacha msomaji afikiri kwamba kadiri mwingiliano unavyopungua ndivyo mambo yanavyokuwa bora, hadi kufika sifuri. "Kima cha chini" tunakijua sote kutokana na mishahara. Ni kiwango ambacho huruhusiwi kushuka chini yake. Neno hilo lina sakafu ndani yake. Aidha, linatukumbusha kwamba sakafu hiyo haikushuka kutoka mbinguni: kuna mtu aliyeipanga, na mtu mwingine anayeishi nayo. Kwa kiota cha kasa, kima hupangwa na maumbile ya yai. Kwa mtambo wa gesi, kima kilipangwa mezani.

Tukitazama nomino yenyewe, Kiswahili kinatusaidia zaidi. Kutoka "ingia" tunapata "ingilia", na kutoka hapo "ingiliana". Mtu anayemwangazia tochi kasa anayepanda ufukweni anamwingilia. Mtambo wa Afungi na mji wa Palma viliingiliana, kwa heri na kwa shari. Kiambishi -an- ndicho kinachobeba tofauti yote hiyo, na mfasiri anayekidondosha hugeuza maana bila kutambua. Vipi basi kuhusu kidude cha Argos, kinachotuma bila kungoja jibu? Kwa kufuata sarufi, hapo hakuna "-ana" kabisa, na tunapendekeza "upashaji wa upande mmoja" badala ya kulazimisha "mwingiliano".

Neno "ingiliana" lina pia maana ya faragha ambayo huwafanya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wacheke darasani. Wengine wamependekeza tuliepuke na kutumia "utendano" au "mgusano". "Mgusano" unafaa kwa nyuso mbili zinazogusana, kama ncha za chuma za kidude chetu, lakini hauwezi kubeba uhusiano wa mawimbi au wa fedha. "Utendano" bado ni mgeni masikioni. Kwa sasa tutaendelea na "mwingiliano", tukiwaachia wanaocheka wacheke. Wasomaji wetu wanaozungumza Kimwani tunawaomba watuandikie jinsi wanavyolisema jambo hili kwao. Majibu yao tutayachapisha katika toleo lijalo.